Luga ya kuuliza na luga ya kutii

Kati ya watu wenye kuandika programu za ordinatere, wakubwa walisema kila mutu aulize kwa Kiingereza. Wengine walikataa, na wakapata fasi ya luga yao. Sisi wa migodi tuko na kitu cha kujifunza hapo.

Wandugu wafanya-kazi, wamama wa kambi, na ninyi vijana wenye kusoma: leo tunaacha kidogo habari za mushahara na primi, tunasema juu ya luga. Musishangae. Luga pia ni chombo cha kazi, kama vile kofia na taa ya kichwa. Mwenye hana chombo hiyo anabakia inje, ao anaingia na hatari.

Habari yenyewe inatoka mu kazi yenye wengi wetu hatujaifanya, kazi ya kuandika programu. Programu njo maagizo yenye ordinatere inafuata. Kioo kile ndani ya kamioni kubwa, chenye kuonyesha shofere fasi ya kwenda kupakia, kinatembea na programu. Mashini ya mulangoni yenye kuhesabu saa zetu za kazi, ni vile. Telefone yenye uko nayo mufukoni, ni vile. Na mu batri za telefone na ordinatere nyingi muko kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yenye dunia inachimba inatoka mu inchi yetu, zaidi sana upande wa Kolwezi na Fungurume.

Sasa watoto wetu hawataki tu kuchimba kile chenye kuingia mu ordinatere. Wanataka kuandika kile chenye kuitembeza. Wanasoma informatike mu shule na mu universite za Lubumbashi na Kolwezi. Wengi wao wanagonga ukuta mumoja. Si hesabu, si akili. Ni Kiingereza.

Kanuni ya luga moja

Mu Septemba 2008, watu wawili wa Marekani, Jeff Atwood na Joel Spolsky, walifungua fasi moja kwenye intaneti yenye jina Stack Overflow. Namna ya kazi yake ni rahisi. Mutunga-programu mwenye kukwama anaandika ulizo lake. Mwenzake wa inchi nyingine, mwenye hawajuane, anamujibia. Wengine wanapiga kura: jibu zuri linapanda juu, jibu mubaya linashuka. Mwenye kujibia vizuri halipwi hata franka moja, lakini anapata pointi, na pointi hizo kila mutu anaziona, hata patro mwenye kutafuta mufanya-kazi. Mu miaka kidogo tu, fasi hiyo ilikuwa kama vile kisima cha kijiji: kila mutunga-programu wa dunia alipita pale kuchota.

Lakini kwenye kisima kulikuwa kanuni: Kiingereza tu. Mwenye kuuliza kwa Kifaransa ao kwa Kichina, ulizo lake lilifungwa, akaambiwa aende kuligeuza kwanza. Mu mwaka wa 2009 Atwood aliandika maneno ya kutetea kanuni hiyo. Alijua kwamba Mumarekani mwenye kusema vile ataonekana mubaya, lakini alishikilia: watunga-programu wa dunia wakutane mu luga moja, na luga hiyo ni Kiingereza.

Hakukuwa wa kwanza. Mbele yake, Eric Raymond, Mumarekani mwenye kujulikana sana mu kazi ile, alikuwa ameandika mashauri kwa vijana: kama haujui Kiingereza, jifunze. Mufano wake ulikuwa Linus Torvalds, kijana wa Finland mwenye alianzisha Linux mu mwaka wa 1991. Torvalds alizaliwa mu nyumba ya Kiswidi, lakini maelezo ya programu yake aliyaandika kwa Kiingereza.

Kuko hata kanuni yenye iko na hesabu. Python, luga ya programu yenye watoto wetu wengi wanaanza nayo, ilianzishwa na Muholanzi, Guido van Rossum. Mu kitabu cha kanuni zake za kuandika, watu wa inchi zenye hazisemi Kiingereza wanaombwa kuandika maelezo kwa Kiingereza, isipokuwa kama wana hakika 120 kwa mia kwamba programu yao haitasomwa hata siku moja na mutu mwenye hajui luga yao. Mia kwa mia haitoshi, inaomba mia na makumi mawili. Muholanzi aliwekea Waholanzi wenzake kanuni ile ile.

Tuseme kweli: kanuni hii iko na sababu

Sisi wa sindika tumezoea kusikiliza upande wa pili mbele ya kuupinga. Upande wa pili hapa uko na maneno ya kweli.

Kwanza, jibu lenye kuandikwa mara moja mu luga moja linasaidia watu wote. Ukigawanya watu mu luga kumi, ulizo moja litajibiwa mara kumi, na tena mu luga zenye watu kidogo halitajibiwa hata mara moja. Pili, maneno ya luga za programu zenyewe ni ya Kiingereza tayari, na mashini ikikosea inatoa habari ya kosa kwa Kiingereza. Tatu, kama viongozi wa fasi hawasikii luga yenye inasemwa, watajuaje kama mutu anatukana ao anadanganya?

Kuko mufano wenye unaonyesha jambo hilo vizuri. Mu mwaka wa 1995, Mujapani mumoja, Yukihiro Matsumoto, alitoa luga ya programu yenye jina Ruby. Vitabu vyake vya kwanza na mazungumzo yake yalikuwa ya Kijapani. Kwa miaka, watu wa inchi zingine walisimama inje ya mulango, hawawezi kusoma. Kitabu cha kwanza kikubwa cha Kiingereza kilitoka mu mwaka wa 2000, watu wawili wakakiandika, na mu 2004 Mudanemarki mumoja, David Heinemeier Hansson, akajenga na Ruby chombo chenye kilienea dunia yote. Pasipo daraja ile, kazi ya Matsumoto ingebakia nyumbani kwake. Luga ya pamoja ni daraja, na hakuna mufanya-kazi mwenye akili mwenye kubomoa daraja.

Basi tatizo liko wapi?

Muzigo haubebwi na wote sawasawa

Tatizo ni hili. Kanuni ya luga moja inaonekana sawa kwa kila mutu, kama vile kanuni yenye inasema kila mufanya-kazi apande kilima na miguu yake. Mwenye anakaa juu ya kilima tayari, kanuni ile haimusumbui hata kidogo.

Tena kuko tofauti kubwa kati ya kusoma na kuuliza. Kijana wetu anaweza kusoma jibu la Kiingereza polepole, na kamusi mukononi. Anaona mistari ya programu, anaifuata, inatembea. Kusoma hakuna mwenye kumuangalia. Lakini kuuliza ni kusimama mbele ya watu. Lazima aeleze amefanya nini, alitazamia nini, kulitokea nini, na aeleze sawasawa, juu ulizo lenye halisikilike linapigiwa kura ya kushushwa. Mutu mwenye anajua kazi yake vizuri anaonekana mujinga, kwa sababu tu sentensi zake ni za mutoto. Baada ya mara moja ao mbili anaacha. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Lakini mu luga ya wengine, kuuliza kunaweza kukuvalisha ujinga wenye si wako.

Na mwenye haulizi, hajibii. Mwenye hajibii hapate pointi. Mwenye hana pointi, patro hamuoni. Vile njo kanuni ndogo ya luga inageuka kuwa kanuni ya kazi na ya feza, na hakuna hata mutu mumoja mwenye aliandika kwamba watu wa inchi fulani wasipate kazi.

Wabrazili, Wajapani, Warusi

Mambo yalianza kubadilika wakati watu wenyewe walisimama. Wabrazili wako wengi sana mu kazi ya programu, na wengi wao wanasoma na kutumika kwa Kireno. Waliomba fasi yao, wakaonyesha kwamba kuko watu wa kutosha wenye kuuliza na, jambo la maana zaidi, wenye kujibia. Mu mwanzo wa 2014, Stack Overflow ya Kireno ilifunguliwa kwa watu wote. Mu Desemba ya mwaka ule ule Kijapani kikafuata, na mu 2015 Kirusi na Kispania. Warusi walikuwa tayari wamejijengea fasi yao wenyewe, yenye jina HashCode. Kompani haikuwaambia wavunje kazi yao, iliichukua ndani.

Maelezo yenye kompani ilitoa yalikuwa rahisi: watunga-programu wengi wazuri hawasikii Kiingereza vizuri, na fasi yenye inasema inasaidia watunga-programu wote haiwezi kuwaacha inje. Kompani ile ile yenye ilisema luga moja tu, mu miaka sita ilifungua milango ine mingine. Mulango mukubwa wa Kiingereza ulibakia wazi, haukuanguka. Maneno ya luga za programu yalibakia ya Kiingereza, maelezo njo yaligeuka. Mubrazili anaandika maagizo kwa mashini mu maneno ya Kiingereza, na anamueleza mwenzake kwa Kireno.

Musifikiri Wabrazili ni watu wenye kuomba tu. Mu mwaka wa 1993, kwenye universite ya Kikatoliki ya Rio de Janeiro, watu watatu walitunga luga ya programu yenye jina Lua, maana yake «mwezi» kwa Kireno. Leo iko ndani ya michezo mingi ya ordinatere mu dunia yote. Kwa kuandika maneno yake walichagua Kiingereza, kusudi isafiri. Jina walibakisha la kwao. Hivyo mutu anaweza kutumia daraja pasipo kuhama nyumba yake.

Tuangalie jambo moja bila kufichana. Milango ine ilifunguliwa: Kireno, Kijapani, Kirusi, Kispania. Mulango wa Kifaransa haukufunguliwa. Wa Kiswahili haukufunguliwa. Kompani inafungua mulango kwenye inaona watu wengi wenye kusimama pamoja. Hiyo sisi wa sindika tunaijua tangu zamani: mufanya-kazi mumoja mwenye kulalamika ni kelele, mia tano ni mazungumzo.

Kuko wenye hawakungojea

Mu mwaka wa 1999, kijana mumoja Mufaransa wa miaka 13, Mathieu Nebra, alitaka kujifunza kuandika programu, na akaona vitabu vya Kifaransa havimufikirie mutu mwenye anaanza kwenye sifuri. Akaanza kuandika masomo yake mwenyewe, kwa Kifaransa rahisi, akaita fasi yake Site du Zéro. Leo inaitwa OpenClassrooms. Mutoto wetu mwenye alisoma Kifaransa cha shule anaweza kuanza pale hata leo, mbele ya kugombana na Kiingereza.

Na Kiswahili? Mu mwaka wa 2004, watu wa Universite ya Dar es Salaam, Tanzania, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na hesabu mu Kiswahili. Ilibidi watafute jina la Kiswahili kwa kila amri, kwa kila kitu chenye mutu anabofya. Mwaka mumoja mbele, mu 2003, Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza, na inaandikwa na watu wa kujitolea. Kazi hizo zinaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba ordinatere. Chenye kinapunguka ni watu wa kuandika.

Sisi tunajua habari hii kwa damu

Sasa turudie kwetu, juu habari ya luga ya kazi sisi hatukuisoma kwenye kioo. Union Minière ilianzishwa mu mwaka wa 1906. Ilileta wafanya-kazi kutoka Rodezia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi. Watu wa luga nyingi mu kambi moja. Mu miaka ya kwanza, wazungu wengi wa Elisabethville walitoka upande wa Rodezia na Afrika ya Kusini, na wakaja na namna yao ya kusema na mufanya-kazi. Kisha Kiswahili njo kilishika kambi. Lakini tuangalie Kiswahili gani. Vitabu vidogo vyenye vilifundisha wazungu Kiswahili cha kazi vilijaa amri: leta, beba, chimba, fanya mbio. Mu migodi ya Afrika ya Kusini walikuwa na luga yao ya namna hiyo, Fanagalo, maneno ya Kizulu na ya Kiingereza yenye kuchanganywa, na wafanya-kazi wengi waliichukia, juu ilikuwa imetengenezwa kwa kuamuru.

Kutii mutu anaweza kutii mu luga yoyote. Mukono unaonyesha, sauti inapanda, unafahamu. Kuuliza ni jambo lingine. Kuuliza «Shefu, hii paa iko imara?» ao «Juu ya nini mashini inalia hivi?» kunaomba luga yenye uko umesimama ndani yake. Wababa wetu walichukua Kiswahili kile cha amri, wakakiongezea maulizo, vicheko, magomvi, sala na nyimbo za kulalisha watoto, mupaka kikawa luga ya nyumba. Hakuna patro mwenye aliwapa hiyo. Waliijenga wenyewe mu kambi.

Na leo? Katiba ya Februari 2006, mu andiko lake la kwanza, inasema luga ya serikali ni Kifaransa, na luga za taifa ni ine: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sawa. Lakini ingia mu mugodi. Utaona tangazo la hatari la Kifaransa na la Kiingereza, ao la Kichina. Mufanya-kazi anatia sahihi kwenye karatasi ya mafundisho ya usalama, juu ya maneno yenye hakusikia yote. Mwenye kufundisha anamaliza, anauliza: «Kuko maulizo?» Kimya. Anaandika: wote wamefahamu. Wandugu, sisi maulizo tulikuwa nayo. Luga ya kuyatoa njo ilikosekana. Kwa mutunga-programu, ulizo lenye halikuulizwa linamupotezea siku moja. Kwetu linaweza kumupoteza mutu.

Mashini yenye kujibia

Kijana mumoja atasema: wazee, hayo yamepita, leo tunauliza mashini. Ni kweli. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022, ChatGPT na wenzake wanajibia mutu peke yake, hawamucheke, na maulizo yenye kuandikwa kwenye Stack Overflow yamepunguka sana. Unaweza hata kuiuliza kwa Kiswahili. Lakini mashini ile ilijifunza kutoka kwa maneno yenye watu waliandika. Kwenye watu waliandika mengi, iko na nguvu. Kwenye waliandika kidogo, inayumba. Jibu lake la Kiswahili haliwezi kuwa na nguvu kuliko Kiswahili chenye sisi wenyewe tuliandika. Basi kazi ya kuandika inaturudilia mikononi.

Tunaomba nini

Kwa vijana: mujifunze Kiingereza, pasipo haya na pasipo kukiabudu. Ni daraja, na vitu vingi viko ngambo yake. Lakini musingojee kukimaliza kusudi muanze. Anzeni na Kifaransa chenu cha shule, mukieleza wenzenu kwa Kiswahili. Na siku mutu amefahamu kitu, akiandike kwa Kiswahili, hata ukurasa mumoja, kwa mwenzake mwenye atakuja nyuma. Wabrazili walipata mulango wao kwa sababu kulikuwa wenye kujibia.

Kwa wazazi: mutoto akikuuliza kwa Kiswahili jambo la shule lenye walimu walisema kwa Kifaransa, usimwambie kwamba ile si luga ya masomo. Luga yenye mutu anauliza nayo njo luga yenye anajifunza nayo.

Kwa madelege wenzetu: mu mazungumzo ya kontra ya pamoja yenye kuja, tuweke luga kwenye karatasi, kando ya mushahara na matunzo. Tangazo lolote la hatari liandikwe pia kwa Kiswahili. Mafundisho ya usalama yatolewe kwa Kiswahili, na maulizo yapokelewe kwa Kiswahili, na majibu yaandikwe. Kontra isomwe kwa sauti mu Kiswahili mbele ya sahihi. Kama kompani inasema haina mutu wa kugeuza maneno, tuwaonyeshe watoto wetu wenye kumaliza shule na kukaa pasipo kazi. Hiyo ni kazi.

Wakubwa watasema Kifaransa na Kiingereza vinatosha, wote watumie hizo. Hapo tuwakumbushe kompani moja kubwa ya ordinatere yenye ilisema maneno ya namna hiyo mu 2009, na mu 2014 ikafungua mulango. Hakuna chenye kilivunjika. Na sisi tuanze kuandika orodha ya matangazo yenye hayana Kiswahili, sieji kwa sieji, kusudi siku ya mazungumzo tusiingie na mikono mitupu.